Kusaka nyota wa kikapu wa sekondari Dar es Salaam: shajara ya mradi

Jumamosi, 18 Januari 2025. Makubaliano

Mechi ya nyota wa sekondari ni Jumamosi ya 31 Mei. Tunatafuta wavulana 24 na wasichana 24 kutoka sekondari za wilaya zote tano za mkoa: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Wavulana watagawanywa timu mbili za watu 12, wasichana vivyo hivyo, maana 12 ndiyo idadi ambayo FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, inaruhusu kwenye karatasi ya mechi.

Wanaofanya kazi hii ni makocha wa timu za mtaani na walimu wawili wa michezo. Halipwi mtu. Kila wilaya ina mtazamaji wake. Mimi nimeangukiwa na Temeke pamoja na kuandika shajara. Naandika ili mtu wa Mwanza, Arusha au Mombasa akitaka kufanya ya kwao ajue wapi pana shimo.

Wazo la mechi ya nyota wa sekondari si letu. Marekani wanayo ile ya McDonald's tangu 1978, wasichana wakaingizwa 2002, na Michael Jordan alifunga pointi 30 humo mwaka 1981 kabla hajacheza hata mechi moja ya chuo. Kule mtoto akifika kidato cha juu tayari yuko kwenye orodha kadhaa za nchi nzima. Hapa kwetu anajulikana shuleni kwake na kwenye uwanja wa mtaa, basi. Anayebahatika anaonekana mwezi Juni kwenye UMISSETA, mashindano ya taifa ya michezo ya shule za sekondari, mkoa ukishachagua timu yake. Tunataka kumwona kabla ya hapo, na tunataka aonekane na macho zaidi ya mawili.

Kianzio ni shilingi 1,200,000, michango ya makocha na wazazi wachache.

Jumamosi, 8 Februari. Fomu ya kwanza imetupwa

Tulituma fomu kwa walimu wa michezo kwa WhatsApp: jina, kidato, urefu, wastani wa pointi, ribaundi (mipira anayodaka baada ya mtupo kukosa), asisti (pasi zinazozaa kikapu). Majibu yalirudi haraka mno. Kila shule ina mtu wa pointi 30. Ukijumlisha, mkoa huu una vijana wa kuwafunga Wamarekani wiki ijayo.

Nikaenda Mbagala kumtazama mmoja wao. Shule yake ilishinda 78 kwa 19. Kijana alikuwa anapora mpira katikati ya uwanja, anakimbia peke yake, anaweka. Wapinzani walikuwa watoto ambao wengine walionekana kuushika mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza mwaka huu. Pointi zake ni za kweli, mwalimu hakudanganya, lakini hakukabwa hata mara moja na kwa hiyo hakuna nilichojifunza kuhusu yeye. Sijui akibanwa anafanya nini, wala akipelekwa mkono wa kushoto. Hata hakuwa na haja ya kutoa pasi.

Wenzangu wamerudi na hadithi hiyo hiyo kutoka Ubungo na Ilala. Mechi za shule hazilingani: moja ina mwalimu aliyecheza ligi na uwanja mzuri, jirani yake ina ringi moja na mpira mmoja uliopasuka. Takwimu za mechi kama hizo zinapima pengo la shule tu.

Fomu ya pili inajazwa na mtazamaji mwenyewe, si mwalimu, na inahesabu dakika ambazo tofauti ya matokeo haijavuka pointi 15 tu. Wastani wa pointi umeondolewa. Badala yake tunaandika mambo haya: anapoteza mpira mara ngapi akikabwa na mtu wa kimo chake, anafanya nini sekunde tano baada ya kuupoteza, kocha wake anampa nani wa kumkaba, akizibwa upande anaoupenda anakwenda wapi, na je, anaongea uwanjani, au anangoja kuambiwa.

Alama nazo zimetusumbua. Tulianza na moja hadi kumi, kila mtu akatoa saba. Saba haina maana yoyote, ni adabu tu. Sasa kuna maneno manne: hapana, labda, ndiyo, lazima. Hakuna katikati pa kujificha. Na kila mchezaji sharti aonwe na watazamaji wawili wa wilaya tofauti. Hiyo inaongeza nauli karibu mara mbili, lakini bila hivyo kila mmoja atarudi na watoto wa kwao.

Jumamosi, 22 Februari. Tepu ya kupimia

Kama utanakili kitu kimoja kutoka humu, nakili hiki: nunua tepu.

Kijana mmoja wa Temeke alikuwa anasifiwa kwa mitupo ya pointi tatu. Kwao anaingiza kama anachota maji. Alipokuja kucheza kwenye uwanja mwingine, yote ikawa mifupi, inagonga mbele ya ringi. Mtazamaji aliandika "ameogopa". Mwenzetu wa Kinondoni, ambaye ni fundi ujenzi, akashauri tupime kwanza uwanja wa shule yake.

Mstari wa tatu, yaani wa pointi tatu, ulikuwa mita 6.25 kutoka kikapuni. Ndiyo kipimo cha zamani. FIBA waliusogeza hadi mita 6.75 mwaka 2010, wakati ule ule lile eneo la chini ya kikapu lilipobadilishwa kutoka umbo la trapeza kuwa mstatili. Ukiingia shuleni ukaona trapeza sakafuni, huna haja ya kuuliza: mstari wa tatu nao ni wa zamani. Viwanja vingi vilichorwa kabla ya mabadiliko, na kila rangi ikififia fundi anapita juu ya mstari ule ule. Mtoto aliyezaliwa 2008 amefundishwa na sakafu iliyopitwa na wakati kabla hajaanza shule.

Tukaanza kupima kila tunapokwenda. Pamoja na 6.25 za kutosha, tulikuta mstari wa mita 5.90, uliochorwa kwa macho. Ringi ndiyo balaa zaidi. Inatakiwa iwe mita 3.05 kutoka chini. Tumekuta ya 2.92, na nyingine iliyoinama mbele kiasi kwamba ukingo wake wa mbele uko chini ya ule wa nyuma. Kijana maarufu wa kudanki (kuruka na kuusindika mpira ringini kwa mkono) kwenye wilaya moja anadanki kwenye ile ya 2.92. Sentimita 13 zinatosha kumfanya mtu shujaa.

Jinsi ya kupima: nukta iliyo chini ya kitovu cha ringi iko mita 1.575 kutoka ukingo wa ndani wa mstari wa mwisho. Toka hapo nenda 6.75 kila upande kuchora tao. Pembeni mstari unanyooka, sentimita 90 kutoka mstari wa pembeni, kwa hiyo kwenye kona umbali ni mita 6.60. Mstari wa mtupo huru uko mita 5.80 kutoka mstari wa mwisho. Ringi pima mbele na nyuma, si upande mmoja.

Chaki nyeupe haikufaa, kwenye zege lililochakaa jua la saa kumi jioni linaifuta machoni. Mkaa unaonekana vizuri na haununuliwi; kila shule ina jiko.

Mechi ikiisha, tunamwomba mchezaji atupe mitupo 20 kutoka kwenye mstari wa mkaa na 20 ya mtupo huru, akiwa amechoka hivyo hivyo. Mpangilio wa wapigaji umepinduka. Wengi wa 6.25 wameshuka. Aliyepanda ni kijana wa shule isiyo na mstari wowote: alizoea kupiga kutoka popote, na 6.75 kwake ni sehemu kama sehemu nyingine. Yule wa Temeke aliyeandikwa "ameogopa" tumemrudisha kwenye orodha na maelekezo ya kupiga kutoka nyuma kwa mwezi mmoja, kisha tumtazame upya.

Tepu shilingi 15,000.

Jumamosi, 15 Machi. Ramadhani

Tulipanga ratiba ya Machi kana kwamba ni mwezi kama mwingine. Mechi za shule ni saa kumi jioni, saa ambayo aliyefunga hana kitu tumboni tangu daku. Fomu za wiki mbili hizi zimejaa "anatembea kwenye ulinzi", "hana pumzi", "hajitumi". Mtazamaji wa Ilala alimwandikia kijana mmoja "hapana", halafu akamkuta kwa bahati kwenye uwanja wa mtaa baada ya tarawehe, saa tatu usiku, akiruka hadi ubaoni. Mtu yule yule.

Kwa hiyo alama zote za wachezaji waliofunga zilizoandikwa kabla ya futari zimefutwa. Ilichukua muda zaidi kukubaliana kwamba za wasiofunga nazo zifutwe pale walipocheza na waliofunga. Mtu anayempita mlinzi mwenye njaa anaonekana hodari kuliko alivyo.

Wavulana tumewahamishia usiku. Viwanja vyenye taa ni vichache na umeme wake una mwenyewe. Tunachangia shilingi 20,000 kwa usiku. Wasichana hatuwezi kuwaweka nje saa hizo, na mzazi anayekataa yuko sahihi. Wao tunawaona Jumamosi saa moja na nusu asubuhi, daku ikiwa bado inasaidia. Si sawa kabisa na wavulana, ila wote wanaotazamwa wako kwenye hali moja, nasi tunachohitaji ni kulinganisha.

Angalizo kwa atakayenakili: usimuulize mtoto mbele ya wenzake kama amefunga. Muulize mwalimu, pembeni.

Jumamosi, 12 Aprili. Masika na video

Viwanja vyetu karibu vyote viko wazi. Mvua zimeanza na zege lenye ukungu linateleza kuliko tope. Tumekubaliana maji yakituama hakuna mechi, hata kama mtazamaji ametoka Tegeta kwa daladala mbili. Binti mmoja aliteguka kifundo kwenye mechi iliyolazimishwa na shule. Yuko nje, na jina lake linabaki kwenye orodha kwa kile tulichokwisha kuona.

Tukahamia kwenye video. Tuliomba walimu watume, wakatuma: klipu fupi fupi, kila moja inaanza na mpira ukiingia kikapuni, chini yake muziki. Hakuna klipu hata moja ya mtu anakosa. Tukabadilisha ombi: tuma robo ya pili yote, dakika kumi, bila kukata. Robo ya pili kwa sababu papara ya kuanza imeisha na kocha bado hajatoa wachezaji wake.

Hizo nazo zilikuja na tatizo jingine. Anayeshika simu anafuata mpira. Mpira ukienda kushoto, picha nzima inakwenda kushoto, na mlinzi aliyefunga njia upande wa kulia hayupo kwenye ushahidi. Njia iliyofaa: simu kwenye stendi, stendi juu ya meza, meza kwenye kona nyuma ya mstari wa mwisho, na hakuna anayeigusa. Nusu moja ya uwanja inatosha. Mapumziko, hamishia upande wa pili. Shule yenye darasa la ghorofani linalotazama uwanja imebarikiwa, wekeni dirishani.

Usitume kwa WhatsApp kama video ya kawaida, inabanwa hadi namba za jezi hazisomeki. Itume kama faili, au weka memori kadi kwenye bahasha mpe bodaboda. Tumefanya yote mawili na bodaboda ni nafuu kuliko bando.

Hawa ni watoto. Kila anayerekodiwa ana karatasi yenye sahihi ya mzazi au mlezi, video zinatunzwa kwenye kompyuta moja, na humu ndani hakuna jina la mchezaji wala la shule. Tunaandika namba na wilaya tu.

Video imetupa mtu mmoja ambaye uwanjani tulimpita. Namba 9 wa Kigamboni, mwembamba, kwenye robo nzima hakutupa mpira hata mara moja. Lakini aliyekuwa anamkaba naye hakutupa, na huyo ndiye mfungaji mkuu wa shule pinzani. Tuliurudisha mkanda tena na tena tukimtazama miguu. Mtazamaji wa Ubungo, ambaye hutoa "lazima" kama anatoa damu, ametoa.

Stendi 25,000, memori kadi 35,000.

Jumamosi, 26 Aprili. Majaribio, Sikukuu ya Muungano

Tumewaita uwanja wa JMK Park, Kidongo Chekundu, wote wenye "ndiyo" au "lazima" pamoja na "labda" wenye kitu cha kuthibitisha. Wamekuja karibu 90.

Vipimo kwanza. Urefu bila viatu. Mikono iliyonyooshwa ukutani, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Mkono mmoja ulioinuliwa huku visigino viko chini. Urefu ulioandikwa kwenye fomu za shule ulipungua kwa karibu kila mtu, wengine sentimita tano nzima. Kipimo cha mkono ulioinuliwa ndicho ninachokipa uzito, kwa sababu ringi haijali kichwa chako kiko wapi. Bismack Biyombo, mtoto wa Lubumbashi, alikwenda Portland mwaka 2011 kuchezea timu ya dunia kwenye Nike Hoop Summit, mechi ya vijana wa Marekani na vijana wa nchi nyingine, akiwa na mikono mirefu kupita kimo chake kwa zaidi ya sentimita 20. Akatoka na pointi 12, ribaundi 11 na bloku 10, wa kwanza katika historia ya mechi ile kufikisha tarakimu mbili katika mambo matatu. Miezi miwili baadaye alichaguliwa wa saba NBA. Ukimtazama kwa pointi tu, 12 haikushtui.

Na kabla hujamwandikia mtoto mrefu "hapana" kwa sababu anajikwaa: Hasheem Thabeet wa hapa hapa Dar alianza kikapu akiwa na miaka 15, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili NBA. Tumeongeza safu kwenye fomu: "Ameanza lini?" Aliyeanza mwaka jana hapimwi kwa rula ya aliyeanza darasa la tatu.

Kisha michezo, na kipindi cha kwanza kilikuwa vurugu. Kila mtoto anajua anachaguliwa, kila mtoto anatupa. Magadi, wale wanaoongoza mpira, hawakutoa pasi kwa masenta, wale warefu wa chini ya kikapu, wasiowafahamu. Namba 9 wa Kigamboni alisimama kona akingoja mpira ambao haukuja. Mtu angetumia kipindi kile kuchagua timu, angechagua wabinafsi 24.

Wakati wa maji tukabadilisha sheria. Kikapu hakihesabiwi mpaka mpira upite mikono ya watu watatu. Timu haishindi kwa pointi, inashinda kwa kuzuia: ukiwazuia wapinzani mashambulizi matatu mfululizo, unabaki uwanjani, wao wanatoka. Na kila senta tukampa gadi mmoja wa shule yake au jirani yake. Baada ya hapo tukaanza kuona watu. Namba 9 alibaki uwanjani muda mrefu kuliko wote, na wenzake wakaanza kugombea kuwa timu yake.

Yule wa pointi 30 wa Mbagala alibanwa, akapoteza mpira, akabanwa tena, akapoteza tena. Nilishaanza kuandika. Lakini kila alipoupoteza alikimbia kurudi, na mara mbili aliurudisha kwa kumzuia aliyemnyang'anya. Nimeacha kalamu.

Kwa wasichana kulikuwa na kasoro ya vifaa. Mpira wao kwa sheria ni namba 6, mdogo kuliko namba 7 wa wavulana. Shule nyingi huwaletea namba 7, ndio waliouzoea, na mitupo ya mbali inaishia mbele ya ringi. Tumenunua miwili ya namba 6, 65,000 kila mmoja. Siku ile ile waliopewa mpira wao walianza kufika. Sasa najiuliza ni wasichana wangapi tulioandika "hana nguvu ya kutupa" tangu Februari. Fomu hizo za mitupo tumeziweka kando, tunatumia za leo.

Mabinti kadhaa wanacheza na hijabu na mmoja aliniuliza kama mwamuzi atamtoa. Hatamtoa. FIBA waliruhusu tangu Oktoba 2017. Sharti ni kwamba vifuniko vya kichwa, mikono na miguu viwe vya rangi moja kwa timu nzima. Tumeingiza kwenye bajeti.

Chakula: wali, maharage, maji, jumla 340,000. Hatukuwa tumepanga kiasi hicho. Lakini mtoto aliyetoka Chanika alfajiri huwezi kumtazama mchana akiwa na njaa ukasema umempima. Somo hilo Ramadhani ilishalitoa.

Jumamosi, 10 Mei. Mabishano

Kikao kimeanza saa tatu asubuhi kikaisha jua likizama. Kanuni iliyosaidia: mtazamaji wa wilaya haongei kwanza kuhusu mtoto wa wilaya yake. Wanaanza wengine, yeye anajibu.

Kidato cha Sita wako kwenye mtihani wa taifa mwezi huu, na wengi hawakuja kwenye majaribio. Ilala walitaka waachwe wote. Tumewabakiza wale tu ambao watazamaji wawili waliwaandikia "lazima" mwezi Februari, na mazoezi yao yataanza mtihani ukiisha. Hakuna atakayempigia simu mwanafunzi kabla.

Umri. Mechi yetu haina kikomo cha umri, ni ya wanafunzi wa sekondari. Lakini makocha watakaokuja kutazama wanafikiria timu za taifa za chini ya miaka 16 na 18 na mashindano ya Kanda ya Tano ya FIBA Afrika. Kijana mmoja ana mwaka mmoja wa kuzaliwa kwenye fomu ya shule na mwingine kwenye fomu yetu. Uamuzi: kwenye orodha itakayogawiwa, mwaka wa kuzaliwa unaandikwa kwa aliyeonyesha cheti cha kuzaliwa cha RITA au pasipoti. Wengine panabaki wazi. Hatumshutumu mtu, wala hatumthibitishi.

Mbagala ameingia, kwa kura ya mwisho. Namba 9 ameingia bila mjadala.

Binti wa Ubungo, Kidato cha Nne, ambaye kila mtu amemwandikia "lazima", mama yake alikuwa amekataa. Nimekwenda na mwalimu wake wa kike.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu, karibuni. Najua mmekuja kwa ajili ya mpira."

"Ndiyo mama."

"Huo mpira unalipa ada?"

"Haulipi, mama."

Alinitazama kidogo. Akasema mtu wa kwanza kumjia alikuja na hadithi za Marekani, ndiyo maana alimfukuza. Mwaka huu mtoto ana mtihani, Jumamosi ana tuisheni hadi saa nane. Tumehamisha mazoezi ya wasichana wote hadi saa tisa alasiri, na binti atarudi kabla ya magharibi pamoja na mwalimu. Mama ametia sahihi.

Aliyetangulia kwa mama yule hatumjui. Kwetu imekuwa sheria: hakuna mtazamaji anayetaja udhamini, chuo wala nchi ya nje nyumbani kwa mtoto. Tunachotoa ni mechi moja, jezi, nauli na chakula.

Jumamosi, 24 Mei. Orodha na hesabu

Wavulana 24, wasichana 24, na akiba wanne kila upande. Shule ambazo hazikuwahi kutoa mchezaji wa timu ya mkoa zimeingia. Shule moja kubwa iliyotarajia sita imetoa wawili na imetuandikia barua. Tumeijibu kwa kuipa nakala za fomu za wachezaji wake wote, na alama.

Matumizi: nauli za watazamaji 410,000, chakula na maji siku ya majaribio 340,000, nauli za wachezaji 150,000, mavazi ya ndani na hijabu za rangi moja 180,000, mipira 130,000, taa 80,000, tepu, stendi na memori kadi 75,000, kopi 40,000. Jumla 1,405,000. Pengo la 205,000 tumechangishana sisi wenyewe. Jezi zimetolewa na mzazi mmoja, hazimo humo.

Nauli ya watazamaji inaweza kupungua. Tulimpangia mtu wa Kigamboni kwenda kuthibitisha Tegeta. Mwakani wilaya zinazopakana zitabadilishana watazamaji. Majaribio yafanyike mwishoni mwa Februari, kabla ya masika na mbali na mtihani wa Kidato cha Sita, na Ramadhani iangaliwe kwenye kalenda kabla ya kuandika tarehe yoyote: inarudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo mwakani itaingia Februari na majaribio itabidi yawe Januari. Tepu iende siku ya kwanza, mipira ya namba 6 iende siku ya kwanza.

Mazoezi ya pamoja ni Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Makocha wa klabu tumewaalika kwenye mazoezi, si mechi peke yake. Hata kule Portland na kwenye ile ya McDonald's wasaka vipaji wanang'ang'ania kuingia mazoezini, kwa sababu siku yenyewe ya mechi ya nyota hakuna anayekaba. Jumatano tutacheza kwa sheria ya mazuizi matatu.

Yaliyobaki: sahihi ya baba wa namba 14 wa Temeke, ambaye yuko safarini Tunduma na ameahidi kutuma kwa simu. Ikifika Jumanne jioni bila kitu, akiba wa kwanza anaingia. Ringi ya upande wa kaskazini imeinama sentimita tatu. Fundi wetu wa Kinondoni anakuja nayo ngazi kesho asubuhi.